Siti ya Jini

Jumatatu

Seva mpya imefika. Ina Java 21. Ile ya zamani ilikuwa na Java 8 na familia ya mijusi, na imepelekwa stoo pamoja na wakazi wake.

Kila siku saa nne usiku tunaizima programu ya tiketi na kuiwasha upya, ili ijue basi lipi limeharibika na lipi limeshika nafasi yake. Kwa nini haiwezi kuambiwa habari hizo ikiwa inafanya kazi ni swali zuri. Aliyeiandika aliacha kazi, siku hizi anafuga kuku wa mayai Chanika. Asubuhi hapokei simu kwa sababu ya chakula cha kuku, jioni kwa sababu ya mayai.

Nimebonyeza Simamisha. Haikusimama. Iliandika UnsupportedOperationException, kisha ikaendelea kuuza tiketi za kwenda Songea kwa basi ambalo liko gereji Kibaha, limekaa juu ya mawe.

Nimempigia Bosi. Ameuliza zamani ilikuwa inasimamaje.

Zamani ilikuwa haisimami, ilikuwa inachinjwa. Ndani ya programu hiyo kuna nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba. Kadhaa zinauza siti, nne zinatuma SMS kwa abiria, mmoja unafuta tiketi zilizowekwa bila kulipiwa, na mmoja unaamka kila baada ya dakika tano kuandika ripoti ya mhasibu. Zote zinachangia kumbukumbu moja, na ndiyo maana kuna makufuli: uzi unaotaka kugusa ramani ya siti hufunga kwanza, hugusa, kisha hufungua ili mwingine aingie. Kitufe cha Simamisha kiliziendea nyuzi hizo moja moja na kuzipiga amri ya Thread.stop, popote pale zilipo, zikifanya chochote kile.

Amri hiyo ilikuwamo ndani ya Java tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. Mwaka 1998, toleo la 1.2 lilipotoka, Sun walioitengeneza lugha hiyo waliipiga muhuri wa kutotumika tena na wakaeleza sababu kwa kirefu. Muhuri haukuizuia kufanya kazi, kwa hiyo hapa ofisini hakuna aliyeusoma. Machi 2023 toleo la 20 likaing'oa meno. Ukiiita sasa, inakurudishia kosa na uzi uliotaka kuuua unaendelea na shughuli zake.

Sababu za Sun sisi tunazifahamu kwa jina la siti ya jini. Kuuza siti kuna hatua tatu: kuiweka alama kwamba imechukuliwa, kuandika jina la abiria, kuongeza nauli kwenye hesabu ya basi. Uzi ukichinjwa baada ya hatua ya kwanza, Java hurusha ndani yake kitu kinachoitwa ThreadDeath, nacho hutoka nje kikifungua kila kufuli uzi huo ulilokuwa umelishika. Makosa mengine huacha walau mistari miwili mitatu kwenye logi. Hiki hakiachi kitu. Uzi wa pili unakuta kufuli limefunguka, unaingia, unaona siti imechukuliwa, hauoni jina, hauulizi. Mwishoni ramani yote inahifadhiwa kwenye faili pamoja na hiyo siti, na asubuhi basi linaondoka Mbezi na siti ambayo mfumo unaapa imeuzwa na haina mtu.

Makondakta wanajua. Siti ya jini inapakiwa mtu Morogoro na kushushwa Makambako, kwa fedha taslimu. Mhasibu naye anajua kwa upande wake: majina 56, siti 57. Alifungua safu kwenye hesabu zake akaiita Mengineyo.

Haya yote nimemweleza Bosi kwa simu. Akasema basi Java ya zamani irudishwe. Nikamwambia iko stoo pamoja na mijusi. Akauliza mijusi inaingiaje hapo.

Jumanne

Abiria wa basi la Kibaha wamepandishwa kwenye basi jingine. Mmoja amegoma kupanda, anasema tiketi yake inataja namba za lile la kwanza na yeye ni mtu wa kufuata maandishi.

Nimempa kazi mwanafunzi wa fildi. Ni kijana msikivu, na kila jioni anatakiwa kujaza logibuku ili chuo kijue tumemtumia. Nimemwambia ondoa Thread.stop, weka bendera: kigezo kimoja kinachosema endelea, kila uzi uwe unakitazama kila unapomaliza mzunguko mmoja wa kazi, na kikibadilika, uzi umalize ulichoshika, urudishe funguo, utoke wenyewe. Adhuhuri akaniita. "Kaka, imesimama." Nikaona kwa macho yangu. Akaandika kwenye logibuku: Leo nilisimamisha nyuzi.

Tukaihamishia kwenye seva. Nyuzi zote zikatoka isipokuwa ule wa kufuta tiketi zisizolipiwa. Huo unazunguka mfululizo bila kupumzika na bila kugusa kufuli lolote. (Kwa nini haupumziki, aulizwe mwenye kuku.)

Tofauti kati ya majaribio na seva ilikuwa mstari mmoja. Wakati wa majaribio dogo aliuamuru uzi uandike "niko hai" kila mzunguko. Alipohamia kwenye seva akautoa, kwa sababu "niko hai" hizo zilikuwa zinakaribia kujaza diski. Akaurudisha mstari, uzi ukasimama. Akautoa, uzi ukagoma. Akaurudisha tena, kimya kimya, akitazama mlangoni. Aliniuliza kama kuna uwezekano tatizo ni la kiroho.

Tatizo ni kompaila. Ile sehemu ya Java inayoharakisha msimbo wakati programu inakimbia inautazama mzunguko na kuona kwamba hakuna kitu ndani yake kinachobadilisha bendera. Kwa hesabu zake, kusoma mara elfu kitu kisichobadilika ni uharibifu wa muda, hivyo inakisoma mara moja kabla ya kuanza na kuendelea na jibu hilo milele. Kwamba kuna uzi mwingine utakaokuja kuishusha bendera si habari yake, hakuna aliyeiambia. Na ina ruhusa. Sheria za kumbukumbu za Java zilizosafishwa mwaka 2004, toleo la 5 lilipotoka, zinasema wazi kwamba kama unataka uzi mmoja uone kilichoandikwa na mwingine, sema. Kusema kwenyewe ni neno volatile mbele ya kigezo. Mstari wa "niko hai" ulisaidia kwa bahati tu: kuchapisha maneno kunapita kwenye kufuli, na kufuli linamlazimisha kila mtu afungue macho.

Dogo ameliweka neno. Uzi umesimama bila kupiga kelele. Jioni kafuta alichoandika mchana kwa wino mweupe, kisha akaandika maneno yale yale juu yake.

Jumatano

Sasa inasimama, lakini inachukua karibu dakika tano. Uzi wa ripoti ya mhasibu unalala kati ya ripoti moja na nyingine, na aliyelala haoni bendera hata ukiipeperusha vipi. Bosi amekaa nyuma yangu na saa yake. Dakika ya tatu akasema yeye akizima gari huwa linazimika.

Kwa aliyelala Java ina interrupt. Jina linatisha, lakini kazi yake ni kugonga mlango. Haiui. Inainua alama kwenye uzi kwamba kuna mtu anakutafuta, na kama uzi umo kwenye usingizi au unasubiri kitu, unaamshwa na kosa liitwalo InterruptedException. Baada ya hapo uamuzi ni wa aliyeamshwa.

Tumeuamsha. Ukaamka, ukaandika ripoti ya saa nne na dakika mbili, ukalala tena. Tumeuamsha tena, imetoka ripoti nyingine. Kabla hatujagundua kinachoendelea mhasibu alikuwa na ripoti nyingi za dakika zile zile, na alizihifadhi zote, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Nimefungua msimbo. Pale panapokamatwa InterruptedException palikuwa na mabano matupu na maelezo ya neno moja: "haitatokea." Nimewahi kuliona neno hilo katika programu nyingine, na kila mara lilikuwa mahali ambapo jambo limetokea. Kasoro hapa ni mbili. Kwanza, kosa limemezwa. Pili, Java ikishalirusha kosa hilo inashusha ile alama iliyoinua, kwa kudhani kwamba aliyelikamata ameelewa ujumbe. Ukilimeza, habari imepotea: alama haipo, kosa halipo, na uzi unaendelea kulala ukiwa na dhamiri safi. Anayekamata ana njia mbili za heshima, atoke, au ainue alama upya kwa mkono wake ili msimbo uliomwita nao ujue. Dogo ameandika yote mawili. Nimemwambia moja linatosha. Amesema anaacha yote kwa usalama.

Nimetoka saa sita kasoro usiku. Geti limefungwa na mlinzi kalala kwenye kiti chake, redio iko kifuani. Nimegonga kwenye bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia."

Akalala.

Nimegonga tena. Akasema tena amenisikia, safari hii kwa ukali kidogo. Nimerudi ndani nikakaa mapokezi mbele ya televisheni, ilikuwa na kipindi cha kilimo cha parachichi. Geti limefunguliwa alfajiri na muuza maziwa, kwa kulisukuma. Halikuwa na kufuli.

Alhamisi

Mpwa wa Bosi anaishi Toronto na anafahamu kompyuta. Usiku amemtumia mjomba wake ujumbe wa sauti wa dakika sita: Java imepitwa na wakati, wahamie lugha nyingine. Bosi ameusikilizisha ofisi nzima kwa spika, pamoja na sehemu ya kumsalimia bibi.

Nimeandaa majibu. Python haina kabisa amri ya kuua uzi. Go nayo haina. Nyuzi zake nyepesi hupewa kitu kinachoitwa context, kilichoingia kwenye maktaba yake rasmi kwa toleo la 1.7 mwaka 2016, na kila moja inatakiwa kukitazama ili kujua kama imeombwa kuacha. C# ilikuwa na Abort, na kwenye .NET mpya Abort inakurudishia kosa kama sisi tulivyorudishiwa. C++ ya mwaka 2020 imeleta uzi ambao ukifika mwisho wa matumizi yake unaombwa kusimama, halafu unasubiriwa. Windows yenyewe inayo TerminateThread inayoua kweli, na maelezo ya Microsoft kuhusu amri hiyo yanatumia nafasi kubwa kukusihi usiitumie: uzi ukifa umeshika kufuli, kufuli hilo halifunguliwi na mtu tena.

Bosi amesikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo dunia nzima wanaomba?"

"Ndiyo, Bosi."

"Na uzi ukikataa?"

Nikamwambia uzi haukatai, huwa umeandikwa na mtu ambaye hakufikiria kwamba siku moja utaombwa. Akasema hata madereva ni hivyo hivyo. Hili sikulijibu kwa sababu mmoja wao alikuwa mlangoni akisubiri posho.

Mchana tumezigeukia nyuzi za SMS. Zenyewe hazilali kwa saa, zinasubiri kwenye foleni: ujumbe ukiingia, mmoja unauchukua na kuutuma. Njia ya kuzisimamisha bila kupoteza ujumbe uliokwisha kupangwa ni kuweka nyuma ya foleni kitu bandia chenye maana ya "wa mwisho, nenda nyumbani". Waandishi wa programu wanakiita kidonge cha sumu. Uzi unatuma zote zilizotangulia, unafika kwenye kidonge, unakimeza, unatoka.

Dogo alinipigia simu nikiwa kwenye daladala, nimesimama, uso wangu uko kwapani mwa mtu. Anasema nyuzi tatu bado zinasubiri. Nikamuuliza ameweka vidonge vingapi.

"Kimoja, kaka."

"Wako wanne, dogo. Kimoja kimemaliza mmoja. Weka sumu kwa idadi yao, kila mmoja ale chake."

"Wakishakula?"

"Subiri mpaka wote wafe ndipo ufunge. Usifunge kuna mtu bado anapumua."

Kwapa lile limeondoka. Nimepata siti Ubungo mpaka Kimara, na ile ya jirani yangu imebaki tupu, ingawa watu walikuwa wananing'inia mlangoni. Konda hakunidai nauli. Nimemwita mwenyewe nimlipe, akasema iache tu, bro.

Ijumaa

Umeme umekatika saa nane mchana. Inveta imeshika. Inashika kompyuta za ofisini, seva, na televisheni ya mapokezi. Haishiki ruta ya intaneti, kwa sababu siku ya kuunganisha fundi aliambiwa achague kati ya ruta na televisheni, na Bosi ndiye aliyechagua.

Inveta ikianza kulia tuna dakika chache. Nimetoa amri ya kuzima. Kwenye Linux amri hiyo inapeleka kwanza ishara namba 15, ambayo ni ombi: programu inaisikia, inafunga makabati, inatoka. Isipotoka, systemd inasubiri sekunde 90 kama hujaiambia vinginevyo, kisha inatuma namba 9. Namba 9 programu haiisikii. Kiini cha mfumo kinaiondoa tu.

Nyuzi zimetoka vizuri, vidonge vimemezwa, isipokuwa uzi mmoja wa SMS. Ulikuwa umeshapeleka ujumbe na unasoma soketi ukingojea jibu la kampuni ya ujumbe. Jibu lisingekuja, ruta imezimika. Bendera hauioni. Interrupt haiusaidii, kwa sababu aliyekwama ndani ya usomaji wa soketi za aina hii ya zamani haamshwi na kugongewa mlango. Dawa yake ni kumfungia soketi kutoka nje: uzi mwingine unaifunga, na aliyekuwa anasoma anatupiwa SocketException, anashtuka, anatoka. Inaonekana ni ukatili lakini ndiyo njia iliyoandikwa kwenye maelezo rasmi. Nyingine ni kuweka ukomo wa kusubiri tangu mwanzo. Mwenye kuku hakuweka ukomo. Kusubiri kwake kulikuwa hadi kiyama.

Nikiwa naandika mistari ya kufunga soketi, Bosi ameegama mezani kwa dogo akaandika kill -9 na namba ya programu. Amri hiyo alikuwa nayo kwenye kikaratasi, kwa mwandiko wa mtu aliyenakili kutoka kwenye ujumbe wa sauti. Programu imekufa hapo hapo. Amenitazama kwa muda.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye siti hakuna kilichoharibika. Umeme uliporudi nimekagua basi kwa basi, siti kwa siti. Hakuna jini hata mmoja. Na nikikaa kufikiri, ni haki. Ukiua uzi mmoja, waliobaki wanaendelea kuishi ndani ya kumbukumbu aliyoiacha nusu nusu, wanaiamini, wanaihifadhi. Ukiua programu nzima, kumbukumbu hiyo iliyovurugika inakufa pamoja nayo. Faili ya ramani haikuwahi kuandikwa, miunganiko ya hifadhidata imekatika, na hifadhidata ikiona hivyo inafuta kila muamala ambao haukukamilika. Programu ilipowashwa imejenga ramani upya kutoka kwenye mauzo yaliyotimia. Kwa maneno mengine, kuwaua wote ni salama kuliko kumuua mmoja, na Bosi amelipata hilo bila kusoma chochote.

Sijamwambia. Badala yake nimemwambia kuhusu SMS. Hifadhidata inaweza kujirudi nyuma, lakini ujumbe uliokwisha kufika kwenye simu ya mtu hakuna wa kuurudisha. Zile zilizokuwa zimetumwa bila kuwekewa alama ya kutumwa zimetumwa upya baada ya kuwasha. Bosi akasema kupata ujumbe mara mbili ni huduma nzuri kwa mteja.

Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Mbezi. Mama mmoja ana SMS mbili za tiketi na anataka siti mbili: moja yake, moja ya gunia la mchele. Karani amemweleza kwamba ni ujumbe ule ule. Mama akauliza kama yeye alijitumia. Akauliza pia kama benki ikikuwekea mshahara mara mbili wanasema ni ule ule. Foleni nzima ikasema wanasema. Mama akasema basi yeye si benki.

Gunia limekaa siti ya dirishani hadi Iringa, kwa taarifa nilizopokea.

Tumekubaliana kwamba kuanzia leo kila ujumbe unabeba namba ya tiketi kwa herufi kubwa, na karani anahesabu namba badala ya ujumbe. Kisha nimekaa na dogo tukaupanga upya uzimaji wote. Kwanza funga mlango wa maombi mapya. Halafu acha foleni iishe. Halafu vidonge, halafu kugongea waliolala, halafu soketi za wasiosikia, halafu subiri kila uzi utoke, na ramani ihifadhiwe mwisho kabisa, wakati hakuna tena mkono unaoigusa. Tulipokaribia kumaliza dogo amegundua kwamba nusu ya hayo imo ndani ya Java yenyewe tangu mwaka 2004, katika maktaba iliyoongozwa na Doug Lea, profesa wa chuo kikuu cha Oswego, New York. Ina shutdown ya kukataa kazi mpya na awaitTermination ya kusubiri kwa muda uliopanga. Ina pia shutdownNow. Jina lake linasema sasa hivi, maelezo yake yanasema itajitahidi.

Tumefuta tulichoandika na kutumia cha profesa. Logibuku ya dogo inasema amefuta.

Mchana wamekuja makondakta watatu, wamevaa mashati ya kazi, wamekunja kofia mkononi. Msemaji wao ni mzee wa njia ya Songea. Amekaa, amekunywa maji, ameuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Kisha akashusha sauti.

"Mdogo wangu, tangu wiki ianze hakuna jini."

Nikamwambia ndiyo, tumerekebisha.

"Tumeona. Hatukatai maendeleo. Ila ile siti ilikuwa inasomesha watu."

Nikaanza kumweleza habari za makufuli. Akanipungia mkono. Alisema yeye mambo ya ndani hayajui, anachoomba ni kama kuna uwezekano wa kuurudisha ule mtindo wa zamani kwa njia moja tu, walau mara moja kwa wiki, siku ambayo mimi mwenyewe nitaona inafaa. Mwenzake akaongeza kwamba hawangenisahau.

Meza ya mhasibu iko nyuma ya kabati. Hakuna aliyekumbuka. Imesikika droo ikifunguliwa, halafu amejitokeza taratibu, miwani puani, ameshika jalada nene lililoandikwa Mengineyo kwa kalamu nyekundu.

"Kaeni tu, kaka zangu," akasema. "Tuanze na Januari."

Jumapili

Sijafanya kazi. Shemeji ameuliza kwa nini ninanunua panadol. Nimemwambia programu imesimama vizuri.

Jumatatu

Uzimaji wa jana usiku umechukua sekunde kumi na moja. Nyuzi zimetoka zote, logi inaonyesha kila mmoja na saa yake ya kutoka. Mlinzi amenifungulia geti kabla sijagonga. Makondakta wawili wameomba likizo.

Bosi ameita kikao cha dakika tano. Amefurahi. Amesema sasa kwa kuwa kusimamisha kumewezekana, anataka kitufe cha pili, cha kusitisha kwa muda: ukibonyeza programu inaganda pale pale ilipo, ukibonyeza tena inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Nimemwambia Java ilikuwa nayo, inaitwa suspend, na ilipigwa muhuri mwaka ule ule wa 1998 na kung'olewa meno katika toleo lile lile. Ubaya wake ni kinyume cha ule wa stop. Stop inafungua makufuli yote yasiyotakiwa kufunguliwa. Suspend haifungui hata moja. Uzi unagandishwa ukiwa umeshika kufuli la ramani, kila anayehitaji siti anasimama nyuma yake, na kama yule aliyepewa kazi ya kuuamsha naye anahitaji kufuli hilo hilo, basi wote wanabaki hapo.

Bosi akasema hilo si tatizo, kwa matumizi yake ni afadhali wabaki hapo.

Nikamuuliza matumizi gani.

"Wakija wakaguzi."

Mhasibu ameacha kuandika. Nikasema nitaangalia. Bosi akasema nisihangaike, ameshamtumia mpwa ujumbe, kule Toronto sasa hivi ni usiku lakini akiamka ataanza.